Orodha Iliyoanzia Namba Mbili

Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, orodha iliwekwa mezani pa Zulaikha. Ilikuwa karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Ilikuwa na majina kumi na moja, na ilianzia namba mbili.

Namba hiyo aliiona kabla ya kitu kingine chochote. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa takwimu, na kosa la hesabu lilimkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Akachukua kalamu nyekundu, akakata mbili akaandika moja, akakata tatu akaandika mbili, mpaka chini. Mwandishi amepitiwa, alijiambia. Kisha akafungua daftari kubwa la zahanati ya chuo ili anakili.

Kila Jumatatu alifanya kazi hiyo bila malipo. Alikuwa mwelimishaji rika, mmoja wa wanafunzi sita waliofundishwa kusaidia zahanati, na alikuwa amehifadhi kijitabu cha Sera ya Afya na Ustawi wa Wanafunzi kama wengine wanavyohifadhi nyimbo. Kifungu cha saba kilikuwa wazi. Mwanafunzi akipatikana na kifua kikuu, hukaa chumba cha kutengwa wiki mbili tangu siku ya kwanza ya dawa. Kwa mkono wake mwenyewe huandika watu wote aliokaa nao mara kwa mara katika chumba kilichofungwa. Kila mmoja huitwa kupimwa. Anayelala nyumbani, kwao hupigiwa simu, kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano. Jina la mgonjwa halitajwi kwa mtu yeyote. Hata juu ya orodha huandikwa namba ya chumba tu.

Hii ilikuwa ya chumba namba tatu.

Alinakili jina la kwanza, Ladislas, kitanda cha juu. Alipofika la pili, Delphin, kitanda cha dirishani, mkono wake ukasimama. Alikuwa ameutambua mwandiko. Herufi g yenye mkia uliopinda kushoto badala ya kulia aliijua kutoka pembeni mwa vitabu vyake mwenyewe. Kwa wiki kumi na nane mtu mmoja alikuwa akimwandikia mle maneno mafupi kwa penseli, ili yafutike kabla hajafika nyumbani.

Gad.

Kwa siku kumi na mbili Gad hakuwa amempigia, hakuwa amemwandikia, hakuwa ametokea chumba cha magazeti ya zamani nyuma ya maktaba, ambako walikutana kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Mara tatu Zulaikha alikwenda peke yake. Mara tatu aliketi akitazama kiti kitupu, dirisha lililopigiliwa misumari kwa sababu ya mvua inayotoka ziwani, na rundo la magazeti ambayo hakuna aliyeyahitaji. Alikuwa ameshahitimisha kwamba ameachwa. Hakuwa na ushahidi mwingine wa kumpa hitimisho tofauti.

Sasa alikuwa nao. Akasoma majina yote kumi na moja, taratibu, kisha akayasoma tena kuanzia chini. Wenzake wa bweni walikuwamo. Walikuwamo watatu wa kikundi cha kwaya na mwenye duka la kutoa nakala. Rukundo, kinyozi aliyemnyoa Gad mara mbili, alikuwamo pia, na mbele ya jina lake, kwenye safu ya uhusiano, paliandikwa "ananinyoa".

Zulaikha hakuwamo.

"Iko safi hiyo orodha?" aliuliza Ndagijimana, muuguzi wa chuo, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akihesabu vikopo vya makohozi kabatini.

"Iko safi, Muganga."

"Mgonjwa huyo alinisumbua. Ijumaa nilimwambia anipe, akakataa. Jumamosi, akakataa. Ati ataimaliza Jumatatu asubuhi. Nikamuuliza, we kijana, unaandika orodha ao unaandika wosia?" Akacheka peke yake. "Juu ya nini umenyamaza? Na hicho kikohozi chako hakijapona bado?"

"Ni vumbi tu."

"Vumbi ya wapi? Imenyesha wiki nzima."

Zulaikha alikuwa akihesabu. Wiki kumi na nane, mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Saa sabini na mbili katika chumba kisichopitisha hewa, bega kwa bega, wakinywa chai ya chupa moja. Kikohozi chake mwenyewe kilikuwa na siku tisa. Kinyozi alipata dakika arobaini, akaandikwa. Yeye alipata saa sabini na mbili, akawa hewa.

Akaomba ruhusa ya kwenda kunawa mikono, akavaa barakoa, akazunguka nyuma ya jengo.

* * *

Vyumba vya kutengwa vilikuwa vitatu, vimepangana upande wa ziwa, kila kimoja na dirisha pana lisilofungwa usiku wala mchana. Chini ya madirisha, mita mbili kutoka ukutani, palichorwa mstari wa njano juu ya saruji, na juu ya mstari paliwekwa meza ya mbao kwa ajili ya chakula. Kutoka pale paa za Bukavu, upande wa Kongo, zilionekana ng'ambo, karibu kiasi cha kuhesabika.

Gad alikuwa ameketi kitandani akiupa mgongo ukuta. Alikuwa amekonda. Mifupa ya mabega ilisimama chini ya shati ambalo Zulaikha alilijua likiwa limemjaa. Alipoinua macho akamwona, alifanya kitu kimoja kabla ya kusema neno: alitafuta barakoa yake, akaivaa, akaifinya puani vizuri kama alivyofundishwa.

"Umekuya," alisema.

"Nimekuja kwa kazi. Nanakili orodha."

"Najua. Leo ni Jumatatu."

"Siku kumi na mbili, Gad."

"Kumi na mbili, ndiyo."

"Nilikwenda kule chumbani mara tatu. Nilikaa mpaka mlinzi akaja na funguo. Aliniuliza, mademoiselle, unamungojea nani? Nikasema nangojea mvua iishe. Haikuwa inanyesha."

Gad alitazama mikono yake. "Mama yako hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Siku ile ya Jumatano nilikuita. Jioni. Telefone ikapokelewa na yeye. Akaniuliza, wewe ni nani? Nikasema ni Gad, tunasoma pamoja. Akasema, Gad nani, wa musikiti gani?" Akanyamaza kidogo kupitisha kikohozi, uso ameugeuzia ukutani. "Nikasema miye si wa musikiti, Maman. Akasema, basi namba hii ni ya binti ya watu, usirudie kuiita. Hakupaza sauti. Alisema pole pole, kama muntu anayefunga mulango ili mutoto asiamuke."

Zulaikha alisimama juu ya mstari. Jumatano ile aliikumbuka. Mama yake alimrudishia simu akamwambia betri imeisha. Usiku huo alimpikia ndizi kwa nazi, chakula anachokipenda, bila sababu.

"Kwa hiyo ukaniacha."

"Sikukuacha. Niliogopa kukuharibia nyumbani kwenu."

"Na leo? Umeogopa pia? Umewaandika wote, Gad! Umemuandika Rukundo. Kinyozi! Dakika arobaini, nimehesabu. Mimi umekaa nami saa sabini na mbili, na sikuwa hata mtu wa kuandikwa?"

"Rukundo hana mama wa kumufukuza nyumbani."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nimeisoma ile kanuni yenu. Banaita nyumbani. Bataita kwa mama yako sokoni, katikati ya vitenge vyake na wateja wake, na bamuambie binti yako amekaa chumba kimoja na muntu saa sabini na mbili. Weye ungelala wapi leo?"

"Kwa hiyo nife kwa heshima."

"Zulaikha."

"Nani alikuambia unichagulie?"

"Sikukuchagulia!" Alisimama, akasahau, akapiga hatua kuelekea dirishani, kisha akakumbuka akarudi nyuma mpaka magoti yakagusa kitanda. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuachia uchague. Namba moja. Niliiacha tupu. Nilingoja Jumatatu, juu nilijua Jumatatu karatasi inapita kwako kwanza. Nikasema, weye hesabu ndiyo macho yako. Utaona inaanza mbili, utajua hiyo nafasi ni ya nani. Ukitaka, unajiandika. Usipotaka, unajipima pole pole, hakuna anayejua." Akamtazama. "Hukuiona?"

Upepo wa ziwani ulipita kati yao na kuondoka.

"Niliiona," alisema Zulaikha.

"Na?"

"Niliisahihisha."

"Namna gani, uliisahihisha?"

"Nilidhani mwandishi hajui kuhesabu. Nilikata mbili nikaweka moja. Sasa wa kwanza ni Ladislas."

Mabega ya Gad yakaanza kutikisika, na ilimchukua Zulaikha muda kujua kwamba anacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, naye akanyoosha mkono mmoja hewani kumzuia Zulaikha asisogee. Zulaikha hakusogea. Alibaki nyuma ya mstari mikono imening'inia, akijua idadi kamili ya sentimita zilizomzuia, mia mbili, na hakuwahi maishani kuona namba kubwa kama hiyo.

"Ladislas," alisema Gad alipopata pumzi. "Yule anayekoroma."

"Nisamehe."

"Weye ndiye wa kunisamehe." Alijifuta macho. Ndipo alipomsikia. Zulaikha alikuwa amegeuza uso na kukohoa mara mbili kwenye kiwiko, kikohozi kifupi kikavu ambacho alidhani amekificha. Kicheko kilimtoka Gad usoni.

"Tangu lini?"

"Siku tisa."

"Unatoka jasho usiku?"

"Hapana. Sina homa. Nimejipima."

"Unalala na nani?"

Swali lilimkuta hana kinga. Ndilo swali aliloliuliza yeye mwenyewe kwa wenzake darasani wakati wa mafunzo, huku akiwaonyesha picha. Kwa siku tisa hakuwa amejiuliza.

"Shabani," alisema.

"Mutoto wa dada yako? Ulisema analala kwa mama yake."

"Dada anavuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza alfajiri na mzigo wake wa mboga. Anaondoka saa kumi. Hataki kumuamsha. Kwa hiyo analala kwangu." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma takwimu. "Ana miezi minane. Hapendi mto. Analala kifuani kwangu."

Gad alikaa kitandani pole pole kama mzee. Kule kwao Bweyeye, pembeni mwa msitu wa Nyungwe, mama yake aliwahi kumbeba mdogo wake mwenye homa mgongoni kwa saa tano kwenda kituo cha afya. Zulaikha aliijua hadithi hiyo mpaka mwisho wake, na mwisho wake haukuwa mzuri.

"Lete ile karatasi," alisema Gad.

"Gad..."

"Banasema lazima iandikwe kwa mukono wangu. Lete. Na kalamu yako hiyo nyekundu uiache kule."

* * *

Aliiweka juu ya meza ya mbao, imebanwa kwenye ubao, akarudi nyuma. Gad akatoka mlangoni, akainama juu ya meza, akaandika. Jina lilimchukua muda mfupi. Safu ya masaa ilimchukua muda mfupi. Kwenye safu ya uhusiano alisimama.

"Hapa niandike nini?"

"Andika ukweli."

"Niandike 'tunasoma pamoja'? Ndivyo nilivyomuambia mama yako."

"Tulikuwa tunasoma."

"Tulikuwa tunasoma nini? Magazeti ya mwaka gani?" Kwa mara ya kwanza macho yake yalitabasamu juu ya barakoa, na Zulaikha akahisi kitu kikimchoma chini ya mbavu ambacho hakikuwa ugonjwa.

"Andika unavyojua mwenyewe," alisema. "Mimi sitasoma."

Aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko safu ile ilivyoweza kubeba. Kisha akageuza ubao, uso chini, akarudi ndani.

Zulaikha aliuchukua akaupeleka hivyo hivyo, uso chini, mpaka mezani pa muuguzi. Ilikuwa saa nne na nusu.

Ndagijimana aliugeuza. Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akasoma tena.

"Hii safu," alisema, "haikutengenezwa kwa sentensi."

"Imeandikwa nini?"

"Hukusoma?"

"Nilisema sitasoma."

Muuguzi akamsogezea ubao. Juu kabisa, katika nafasi iliyobanwa kati ya kichwa cha orodha na jina la Ladislas, paliandikwa: 1. Zulaikha. Saa 72. Na kwenye safu ya tatu, kwa herufi ndogo zilizoteremka pembeni mwa ukurasa kwa sababu nafasi iliisha: "Ninayetaka kumuoa. Kwao hawajakubali. Kwao hawajaulizwa."

Zulaikha alisoma mara moja tu.

"Sasa tunapiga simu nyumbani," alisema.

"Pole pole, binti yangu. Kaa." Ndagijimana alivuta kiti. "Unajua kanuni kuliko miye. Jina la mgonjwa silitaji. Nitamuambia mama: binti yako alikaa karibu na mgonjwa, mlete mtoto apimwe. Basi. Akiuliza nani, nasema kanuni hainiruhusu. Akiuliza wapi, nasema ni chuoni. Chuo kina madarasa makubwa. Umenielewa? Kanuni imekuachia mlango wa kutokea."

"Nimekuelewa, Muganga."

"Sawa."

Alipiga, akaweka sauti ya wazi. Makelele ya soko la Kamembe yaliingia chumbani: mtu akiita bei ya viazi, honi ya pikipiki, kisha sauti ya mama yake, ya kazini, ya kumvuta mteja.

"Alo? Ni Mama Zulaikha."

Muuguzi alieleza. Alieleza vizuri, kwa maneno mafupi, bila kutisha. Kelele za soko ziliendelea.

"Shabani," alisema mama mwishoni. "Shabani analala naye."

"Ndiyo maana nakuita, Maman. Umlete leo. Tutampima, tutampa dawa ya kumkinga. Ni jambo linalowezekana."

"Ni nani huyo mgonjwa?"

"Kanuni hainiruhusu kumtaja."

"Mnamwekaje binti yangu karibu na mgonjwa? Darasa zima limeitwa?"

Ndagijimana alimtazama Zulaikha. Muuguzi alikuwa amefungua mdomo kujibu, na jibu lilikuwa tayari, la kweli nusu na la kutosha. Zulaikha alinyoosha mkono akachukua simu.

"Mama. Ni mimi. Si darasa. Ni Gad."

Mtu aliendelea kuita bei ya viazi.

"Yule wa telefone," alisema mama.

"Yule wa telefone. Tulikuwa tunakutana kwenye chumba nyuma ya maktaba. Wiki kumi na nane. Hakuna kibaya tulichofanya, wallahi, lakini tulikuwa wawili na dirisha halifunguki. Ukija utaniuliza mengine. Njoo na Shabani kwanza."

Simu ilikatwa. Hakuna aliyejua kama ilikatwa na mtu au na mtandao.

* * *

Mama Zulaikha alifika saa sita na robo, mtoto mgongoni, mtandio umekazwa kama siku ya msiba. Hakumsalimia binti yake. Alimsalimia muuguzi, akamfungua mtoto, akamweka kwenye mizani mwenyewe.

Kilo nane na gramu mia mbili. Hakuwa na homa. Mapafu yalisikika safi. Shabani alimwona Zulaikha upande wa pili wa chumba akamnyooshea mikono miwili, na aliposhindwa kuelewa kwa nini haji, akaanza kulia. Zulaikha alibandika mgongo ukutani. Alimwimbia kwa mbali wimbo wa kumlaza, ndani ya barakoa, mpaka sauti ikamkatika.

Mama alipokea dawa za mtoto, akasikiliza maelezo, akarudia kila agizo kwa mdomo ili asikosee. Alipomaliza kumfunga mtoto mgongoni, ndipo alipogeuka.

"Mimi nakuuliza kila Alhamisi, umechelewa wapi, unasema vitabu."

"Kulikuwa na vitabu, mama."

"Usinijibu na ulimi wa shule." Hakupaza sauti. "Kwao wapi?"

"Bweyeye."

"Bweyeye! Hata gari haifiki."

"Inafika. Mvua isiponyesha."

"Mukristo."

"Ndiyo, mama."

"Na anakuambukiza."

"Hakujua. Alijua Ijumaa."

"Na alipojua akanyamaza."

Zulaikha angeweza kueleza habari ya namba moja. Alipima maneno, akaona hayana uzito wa kutosha mbele ya mtoto aliyelala akipumua mgongoni mwa bibi yake.

"Alinyamaza kwa sababu yako," alisema. "Ni kosa. Nimemuambia ni kosa. Lakini nilipokohoa mbele yake, kitu cha kwanza alichouliza ni ninalala na nani. Mimi nina kijitabu kichwani, mama, na sikuwa nimejiuliza. Yeye ndiye aliuliza."

Mama alifunga fundo la kitenge mara ya pili, ingawa lilikuwa limefungwa.

"Huyu binti atarudi nyumbani?" alimwuliza muuguzi, kana kwamba Zulaikha hayupo.

"Anakohoa, Maman. Anabaki hapa, chumba namba mbili, mpaka majibu ya makohozi yatoke. Kesho ao kesho kutwa. Chakula cha kutoka nyumbani kinapokelewa saa sita, kiwe na jina."

"Na huyo mwingine, analetewa na nani?"

"Kwao ni mbali. Anapata uji wa kantini."

Mama alitoka kupitia upande wa ziwa, njia ambayo haikuwa fupi. Alipopita mbele ya dirisha la namba tatu, Gad alisimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu.

"Jambo, Maman."

Mama Zulaikha alisimama nyuma ya mstari wa njano. Alimtazama tangu nywele zilizonyolewa na Rukundo mpaka miguu isiyo na soksi, akamtazama muda ambao mtu hutumia kutafuta kasoro kwenye kitambaa kabla ya kukinunua. Hakujibu salamu. Akaondoka, na kichwa cha Shabani kikayumba mgongoni mwake mpaka kilipopotea kwenye kona.

Zulaikha alitoa makohozi kwenye kikopo, akafunga kifuniko, akaandika namba yake. Chumba namba mbili kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha. Kati yake na Gad palikuwa na ukuta mmoja wa matofali. Mchana ule wote alisikia kikohozi kupitia ukutani, na kila kilipokoma alihesabu mpaka kilipoanza tena. Hawakuzungumza. Jua lilipokaribia milima ya ng'ambo, mtu aligonga ukuta upande wa pili, mara moja.

Alijua maana ya moja. Naye akagonga mara moja. Baada ya hapo hapakuwa na kitu tena, na nafasi ya Shabani kifuani mwake ilikuwa baridi kuliko alivyotarajia.

* * *

Jumanne, saa sita na dakika ishirini na tano, Delphin hakuwa ameruhusiwa kumtembelea Gad, mwalimu wa kwaya hakuwa ameruhusiwa, na simu kutoka nyumbani kwa Zulaikha ilikuwa haijaja. Mlinzi wa zahanati alikuja na kikapu kilichofunikwa kitambaa.

"Kimeletwa na pikipiki kutoka sokoni," alisema kutoka nyuma ya mstari. "Hakuna barua. Nimeuliza kama kuna ujumbe, dereva akasema mama yule hakutaja kitu, alilipa akageuka."

Ndani ya kikapu mlikuwa na mabakuli mawili ya bati ya ukubwa mmoja, yamefungwa kwa vifuniko. Mlinzi akayatoa moja moja, kitabu cha kupokelea kikiwa wazi kwapani. Juu ya bakuli la kwanza palikuwa na kipande cha plasta, na juu yake, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: ZULAIKHA.

Juu ya bakuli la pili palibandikwa kipande cha plasta cha urefu ule ule. Hakikuandikwa kitu.

Zulaikha alikitazama kipande kile kitupu.

"Hii haina jina," alisema mlinzi. "Kanuni, chombo kisicho na jina sikipokei. Nirudishe?"

"Usirudishe."

"Niandike ya nani?"

"Chumba namba tatu."

Mlinzi akaandika. Akaacha mabakuli yote mawili juu ya meza, akaenda zake. Zulaikha alichukua lake, akarudi mlangoni kwake. Lilikuwa na ugali wa muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga, na lilikuwa bado moto.

Saa saba kasoro dakika kumi Gad alitoka chumbani, akachukua bakuli la pili kwa mikono miwili, akarudi ndani. Majibu ya Zulaikha yalikuwa hayajafika.